Magitaa Mawili, Maksai Mmoja

Tangu asubuhi Ekaale alikuwa hakaliki. Akiketi anainuka, akiinuka anaizunguka meza walikolazwa wale wageni wawili, gitaa la kahawia na gitaa jeupe. Alilipiga la kahawia, akalilaza. Akalipiga jeupe, akalilaza. Kisha akarudia la kahawia, kana kwamba lingebadili tabia alipoligeuzia mgongo.

"Hata mimi hukunichagua hivi," alisema mkewe Florence, akipepeta mchele mlangoni. "Uliniona Gotu kwa laini ya maji, ukaweka mpira wa maji chini, ukasema ni huyu. Leo umeshindwa na mbao."

"Wewe ulikuwa mmoja, Flo. Hapa wako wawili."

Ekaale alikuwa dereva wa lori la maji, na huko kwenye usukani, katikati ya vumbi la Oldonyiro, ndiko muziki wa bluzi ulikomnasa. Alipenda muziki wa watu waliopoteza kitu na bado wanakitaja kwa jina. Sasa alitaka gitaa lake mwenyewe, la umeme lakini lenye tumbo nusu: mapango pembeni, na katikati gogo la mti la kutuliza kelele. La mbao nzima lisilo na uwazi ndani alisema linalia kwa mdomo wa spika tu, halina kifua. Makandi, muuza vyombo vya muziki karibu na soko, alimwachia magitaa mawili ya bei ya watu kama sisi, kwa sharti kwamba moja lirudi leo kabla ya magharibi, maana alikuwa anasafiri kwenda Meru.

La kahawia lilikuwa na adabu. Gogo lake lilipita toka shingoni hadi mkiani, nyuzi zikikazwa zinakazika. Jeupe lilikuwa rahisi zaidi na lilijua hivyo: gogo fupi, vigingi vya nyuzi vinateleza, na ukilisogeza karibu na spika linaanza kunguruma lenyewe. Wataalamu wote wa kwenye simu walisema achukue lile lenye adabu. Wataalamu wa kwenye simu hawajawahi kukosa jibu.

Mbona basi asichague? Kwa sababu hakimu hakuwa yeye. Hakimu alikuwa nje, chini ya ukingo wa mabati, juu ya kigoda chake: baba yake, mzee Lopeyok.

Ujanani rika lake halikumwita Lopeyok. Lilimwita Apalomeri, baba wa Lomeri. Lomeri alikuwa maksai wake wa madoadoa, kwa maana Mturkana huwa na dume mmoja ampendaye kuliko zizi zima, humkunja pembe, humvika kengele, humtungia wimbo, na mwisho hulibeba jina lake. Ukame ulimaliza zizi, na Lomeri akawa wa mwisho kuanguka. Ekaale akamleta baba yake mjini kwa lile lile lori la maji. Mzee alikula, alisalimia majirani, alienda kanisani. Lakini yeye aliyekuwa akiimba hata akijikuna, hakuimba tena.

Hilo ndilo lililomnyima Ekaale usingizi. Aliogopa baba yake atakufa amenyamaza, ndani ya ua wa mabati, mbali na kila kitu alichokipenda. Akajiambia kwamba gitaa likiweza kuutoa wimbo wa Lomeri sawasawa, mdomo wa mzee utafunguka. Kwa hiyo mtihani wa magitaa ulikuwa wimbo huo tu. Aliupiga kwa la kahawia, akaupiga kwa jeupe, akapunguza ukali, akaongeza uzito. Na kila alipoupiga, mzee alikigeuza kigoda kidogo. Kufikia adhuhuri alikuwa ameipa nyumba mgongo mzima.

"Sauti bado haijakaa," Ekaale alinong'ona.

Alasiri akaitoa spika barazani, akaupiga kwa la kahawia kwa nguvu. Mzee akainuka akaenda chooni, na hakuwa na haja. Ekaale akaupiga mara ya mwisho kwa jeupe. Mzee alirudi, akakaa, akatazama ua. Basi, Ekaale akakata tamaa. Wataalamu wameshinda. Akaliegemeza jeupe kwenye spika, akasahau kuizima, akaingia ndani kutafuta begi la kulirudishia.

Uzi mnene ukaanza kutetemeka peke yake. Ukavuma, ukapanda, ukawa mlio mrefu mzito uliotoka tumboni mwa lile gitaa na kutimua kuku wa jirani. Florence akaangusha ungo. Ekaale akatoka mbio kuzima spika, akamkuta baba yake amesimama mbele ya spika hiyo.

"Wacha! Ng'ombe ya nani hii?"

"Ni gitaa, Apa. Iko na shida, inajipigia kelele."

"Nimeuliza ya nani."

"Ya Makandi. Narudisha saa hii."

Mzee akamtazama. "Tangu asubuhi unaanza wimbo wa Lomeri. Lomeri ni wangu. Nilimfukuzia tai mpaka mkono ukakataa. Kila ukipiga, ananiangukia tena. Ndiyo unataka niimbe?"

Ekaale aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wimbo wa maksai huanzwa na mwenyewe. Wengine huitikia tu. Alilijua hilo tangu utotoni, na bluzi ilikuwa imemsahaulisha.

"Kosa si lako," mzee akasema, sauti imeshuka. "Sikukupa ng'ombe. Ulikuwa shule, halafu jua likakula zote. Kijana wangu ni mzee mzima na hana ng'ombe. Nitafungua mdomo niitikie nini?"

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kengele ya Lomeri, na kamba yake ya ngozi. Akaifunga kwenye shingo ya gitaa jeupe, polepole, akilipapasa ubavuni.

"Huyu analia bila kuchapwa. Ni mzuri. Anza, Apalokwang."

Baba wa mweupe. Ekaale hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Makandi akafika hapo hapo, begi la safari begani. "Kengele? Itakwaruza sauti yote! Na hiyo nyeupe ndiyo mbaya. Baki na ya kahawia, nakuambia kwa uzuri."

"Beba ya kahawia, Makandi. Safari njema."

Makandi akamtazama Florence. Florence akainua mabega, akaendelea kuokota mchele.

Ekaale akalipakata gitaa. Hakuwa na wimbo uliotungwa. Akaanza na aliyoyajua, weupe, na vumbi, na barabara ya kwenda kwa watu wenye kiu. Kengele ikagonga panapofaa na pasipofaa, mpaka akafika mwisho wa mstari.

Nyuma yake, kwa sauti iliyoota kutu, Apalomeri akaitikia.