Kisiwa Kisichopiga Hodi

Siku aliyofika kisiwani, mwalimu alitapika. Boti ilikuwa imempepeta tangu asubuhi kama maharage kwenye ungo, na alipokanyaga tu nchi kavu, mbele ya mwalimu mkuu aliyevaa suti kwa ajili ya kumpokea, tumbo likakataa. Viatu vya mwalimu mkuu vikapata fungu lao.

"Karibu sana, mwalimu," alisema yule mzee, akikung'uta mguu mmoja, kisha wa pili. "Usijali. Hata mimi nilipokuja nilianza hivyohivyo."

Watoto waliopangwa mstari waimbe wimbo wa kumkaribisha wakaangua kicheko, na kabla jua halijazama kisiwa kizima kilikuwa kimempa jina: Mwalimu Tapitapi.

Alikuwa binti wa mjini, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu. Mama yake alimwambia waziwazi, "Wenzako wanalikimbia vumbi, wewe unalifuata? Tena bure?" Naye akajibu kwamba anakwenda kujitolea mwaka mmoja tu, kusaidia. Neno hilo, kusaidia, alilibeba kama mtu aliyebeba yai.

Alipewa chumba nyuma ya stoo ya shule: kitanda, kiti kimoja, meza yenye mguu uliofungwa kamba. Asubuhi ya kwanza alifumbua macho akamkuta mama jirani, mjane mwenye sauti nzito, ameketi kwenye kile kiti anafunua sufuria.

"Wali wako umeungua, mwanangu. Ulikuwa unawaza nini?"

Hakupiga hodi, hakukohoa. Mchana mwalimu alipokwenda dukani, muuza duka akamuuliza kama ule wali uliliwa au ulimwagwa. Jioni akaanza kufunga mlango kwa komeo. Mama jirani akasimama nje, akazungumza na mbao za mlango: "Anayejifungia ana la kuficha au ana hasira na watu. Wewe ni lipi?"

Mwalimu alilia, uso kwenye mto. Kwao mtu angeweza kufa ghorofani na jirani asijue. Hapa hukuweza kupiga chafya bila kupewa pole na watu usiowajua. Alishindwa kuamua kipi kibaya zaidi.

Darasani mambo hayakuwa mepesi. Watoto walimtazama kama wanaomsubiri achoke. Na binti wa fundi cherehani, msichana mwembamba wa dawati la nyuma, alisinzia kila siku. Mwalimu akaona vidole vyake vimejaa alama za sindano. Wakati wa mapumziko akambakiza.

"Kuna mtu anakutesa nyumbani?"

Msichana akashtuka. "Hapana, mwalimu! Mama ndiye haoni. Anaona ukungu tu. Usiku nashona mimi. Sare zote za shule ni mimi."

"Na watu hawajui? Hapa?"

"Wakiingia, mama anakanyaga cherehani juu ya kitambaa kibovu." Akaushika mkono wa mwalimu. "Usimwambie mtu. Wakijua watatunyang'anya kazi."

"Sitamwambia mtu."

Siri ile ikamkaa kama kaa la moto mdomoni. Kila mara msichana alipolaza kichwa kwenye dawati, mwalimu aliona anashiriki dhambi. Mwishowe akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akafunga mlango, akaeleza yote. "Ila ibaki kati yetu, mzee wangu. Tufikiri namna."

Mwalimu mkuu akavua miwani, macho yamelowa. "Umefanya la maana sana, binti yangu."

Kwenye mkutano wa wazazi, mzee akasimama kwa nia njema kabisa. "Ndugu zangu, dada yetu fundi amepofuka, na tumekaa kimya kwa kutojua. Tumchangie aende hospitali."

Fundi alikuwa ameketi safu ya pili. Akainuka, shingo wima, akaelekea ulikokuwa mlango, akajikwaa kwenye benchi na kuanguka mapajani mwa watu. Hata waliozoea kucheka hawakucheka.

Kesho yake watu walipita nyumbani kwake kuchukua vitambaa vyao. Si kwa ubaya. Wengi walisema wanampumzisha. Binti hakuonekana tena shuleni. Mwalimu akaenda kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti ya mwalimu hiyo. Tafuta pa kukaa mwenyewe, mimi sioni. Si umeshawatangazia?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka kusaidia."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana. Angekuja mwizi ningempigia ukelele. Wewe umekuja na huruma, nikupigie nini?" Akapapasa meza ya cherehani iliyokuwa tupu. "Mdomo wa kuomba ninao. Nilitaka niseme mwenyewe, siku yangu ikifika."

Msichana alikuwa uani anaanua nguo. Hakugeuka.

"Ulisema hutamwambia mtu."

"Nilimwambia mmoja tu."

"Kwani mmoja si mtu, mwalimu?"

Michango ilipatikana. Mama jirani ndiye aliyempeleka fundi ng'ambo, akimshika mkono ndani ya boti na kuwagombeza mabaharia njia nzima. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akampasua. Jicho moja likafunguka, la pili lilikuwa limechelewa. Fundi akarudi, akawa anatunga uzi mwenyewe penye mwanga mzuri. Baadhi ya wateja walirudi, wengine walikwisha kuzoea kwingine.

Mwalimu mkuu alimsimulia kila mgeni jinsi mwalimu wao wa kujitolea alivyookoa familia. Mwalimu akisikia anaondoka.

Msichana naye alirudi darasani, macho makavu, akashika namba ya kwanza. Alisema shikamoo kama wenzake wote. Ila somo likimshinda, alilipeleka daftari lake kwa mwalimu mkuu.

Jioni moja mama jirani alimkuta mwalimu kibarazani, ameinamia magoti.

"Leo unalia nini?"

"Mtoto hanitazami, mama."

"Ngoja."

"Na mwaka ukiisha kabla hajanitazama?"

Mama jirani akafikiri, akasogeza ungo wa kunde katikati yao.

"Basi utakuwa umeondoka," alisema. "Menya, giza linaingia."