Zamu Isiyofungwa

Wageni walikuwa hawajaanza kuingia. Bi Fagio, kama wahudumu wa mgahawa walivyozoea kumtania, alikuwa amepiga magoti akikwangua chingamu chini ya meza. Goti la kushoto lilimuuma, akalikaripia: "Na wewe nawe, leo si siku yako."

Ukumbi huo zamani ulikuwa bohari ya mizigo ya stesheni. Walikuwa wameupaka rangi na kuning'iniza taa, ila mizani kubwa ya sakafuni wakaiacha iwe pambo. Kando ya mizani palikuwa na mahali ambapo ufagio wake haukupagusa. Alipazunguka, kama mtu anayefagia huku mwenzake amesimama.

Hapo ndipo, enzi reli ikiingia hadi ndani ya bohari, mumewe alipobanwa na mabehewa mawili akiyaunganisha, mchana kweupe, siku ya kazi.

Watu wa reli walikuwa na desturi yao. Kipande cha reli kilining'inia mlangoni mwa bohari. Kikigongwa mara mbili, treni inaingia, kila mtu akae tayari. Kikigongwa mara tatu, zamu imekwisha. Aliyefia kazini aligongewa tatu na mkuu wa stesheni, mjane akiwa amesimama juu ya mizani, ndipo marehemu akapelekwa kuzikwa. Asiyegongewa, walisema, bado yuko zamu.

Mumewe hakugongewa. Mkuu wa stesheni alisema marehemu alikuwa ameshatoka kazini, akarudi kuiba sukari. Kumgongea kungekuwa kukiri kwamba alifia kazini, na mjane wa aliyefia kazini hakutolewa kwenye nyumba ya reli. Machozi hayajakauka, vyombo vyao vilikuwa barabarani.

Na leo mkuu huyo, mstaafu mwenye fimbo na suti, ndiye mgeni rasmi wa sherehe ya kuikumbuka stesheni. Bi Fagio alimpokonya mhudumu sinia la chai, akalipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Sukari usinibanie."

"Mzee, hunikumbuki. Mimi mke wa yule aliyebanwa na mabehewa."

Kijiko kiliacha kukoroga. "Mambo ya zamani hayo, mama. Reli yenyewe imeshakufa."

"Reli imekufa, lakini mtu wangu hajatoka zamu. Kila asubuhi namkuta pale. Leo watakupa nyundo ugonge kile chuma cha mlangoni. Gonga tatu, basi. Nyumba siitaki tena, na simwambii mtu."

"Uliambiwa alikuwa ameshatoka kazini."

"Sasa hiyo sukari aliibeba kwa mkono upi, mzee? Mlimkuta ameshika mnyororo wa behewa, mikono yote miwili."

Meneja alikuwa ameshafika. "Bi Fagio! Unamsumbua mgeni rasmi?"

"Hapana, hapana," mzee alisema. "Tunaulizana habari za nyumbani." Kisha akamwinamia mjane. "Nitaona."

Neno hilo moja lilimtia Bi Fagio kiwewe cha furaha. Wakati mzee akihutubia kuhusu familia kubwa ya reli, yeye aliuegemeza ufagio ukutani, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akapanda juu ya mizani.

Mzee akapewa nyundo. Akagonga. Chuma kililia vilevile kama zamani. Akagonga tena. Nyundo ikapanda mara ya tatu.

Hapo mzee akamwona juu ya mizani. Wakatazamana. Akaishusha nyundo taratibu, akamrudishia meneja, akajifuta viganja.

Wageni wakapiga makofi. Bi Fagio alibaki juu ya mizani, amejaa hasira. Mzee hakuwa amesahau kitu. Angesahau, angegonga ovyo, labda hata mara nne. Amegonga mbili. Treni inaingia. Amemwita tena mumewe kazini.

"Mama, shuka hapo, unatuharibia picha," meneja alisema.

Wageni walipoondoka, makombo ya keki yalikuwa yametapakaa ukumbi mzima. Nyundo ilikuwa imeshafungiwa ofisini.

"Na leo ufagie vizuri," meneja alisema akielekeza kidole kando ya mizani. "Pale unaparuka kila siku. Unadhani sioni?"

Bi Fagio alikwenda hadi pale, akasimama.

"Nipishe kidogo, baba watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Wanataka nifagie."

Meneja alimtolea macho. Bi Fagio, ufagio mkononi, alikuwa bado anangoja apishwe.