Odette na Buti za Waya

Odette aliingia duka la vifaa vya theluji amenuna, mdogo wake Marcelle nyuma yake. Msimu uliopita Odette alianguka na ubao wake wa kutelezea theluji mlimani, hapo hapo Vermont, Marekani, akavunjika mkono wa kulia, na tangu siku hiyo vidole vyake vilikataa kukunja ngumi. Lakini habari ya kuacha kuteleza kwenye theluji hakutaka hata kuisikia.

Alianza na buti za kamba, kama alizovaa miaka yote. Akavuta, kamba ikamponyoka. Marcelle akainama amsaidie.

"Niguse uone!" Odette akafoka. "Kwani mimi mtoto wa chekechea?"

Akajaribu zile ambazo kamba zake hukazwa kwa kuvuta kishikio. Nazo zilitaka mikono miwili mizima. Zikabaki zile alizozidharau siku zote, zenye kidude cha kuzungusha kinachokaza waya mwembamba.

"Waya ukikatika kule juu nitafungia nini? Nywele zako?" Odette akauliza.

"Utashuka kwa makalio, kama mwaka jana," Marcelle akajibu.

Odette alijikaza asicheke. Akazungusha kidude kwa mkono wa kushoto. Krr, krr, krr. Buti ikamkumbatia mguu. Akasimama, akakunja magoti. Kisigino hakikunyanyuka ndani ya buti hata kidogo. Akalizunguka duka zima, kisha akaelekea mlangoni.

"Dada, vua basi tulipe! Theluji yenyewe bado mwezi mzima."

"Lipa wewe," Odette akasema, akiusukuma mlango kwa mkono ule uliovunjika. "Mimi naingoja nimevaa."