Radhi Iliyokwama Kotile

Kadar fundi wa sola akija leo kuomba maji mlangoni kwangu nitampa, maana kumnyima mtu maji ni dhambi. Lakini salamu yangu hapati.

Mwaka jana, tisini na saba, hapa Kotile palikuwa na taar moja tu, ile redio ya kuitana na watu wa mbali, nayo ilikuwa chumbani kwangu. Paneli juu ya bati, betri chini ya meza, na watu mlangoni tangu asubuhi: huyu anamtafuta mumewe Mandera, yule anauliza hali ya soko la ng'ombe Garissa. Kadar ndiye aliyenifungia mitambo hiyo. Baadaye akaja akatoa kile kisanduku cha ukutani kinachozuia betri isichemke, akasema kimeharibika, atakitengeneza mjini. Nyaya akaziunga moja kwa moja.

"Haina neno, Maka. Betri ikipungua maji, ongeza maji safi. Nitarudi wiki ijayo, inshallah."

Inshallah ya Kadar! Betri ikachemka kiangazi kizima kama sufuria ya chai. Kila lori la mifugo lililokwenda Garissa nilimtuma dereva kwake, na kila dereva alirudi na jibu lile lile: anakuja kesho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kadar ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Mandera.

Sasa nimseme habaryar Osob, mdogo wa mama yangu, kwa sababu bila yeye haya yangekuwa malalamiko ya betri tu.

Mwanawe wa pekee, Abdiqani, aliuza ngamia wa mama yake bila kumwambia. Si ngamia hivi hivi, jamani. Ni yule jike aliyepewa Osob siku ya harusi yake, pamoja na uzao wake wote. Akanunua lori, akahamia Banissa, kule mbali Mandera. Osob akasimama uani, akashika ziwa alilomnyonyeshea, akasema: "Usipate mtoto wa kukuzika." Nilikuwepo. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ruweyda, mke wa Abdiqani, akazaa, mtoto akafa. Akazaa tena, akafa. Na kwetu laana ya mama haiondolewi kwa kutumiana salamu. Mdomo uliofunga ndio unaofungua, na aliyelaaniwa asikie kwa sikio lake. Basi Ruweyda alipopata mimba ya tatu, Abdiqani akaita kwenye taar, analia mbele za watu bila haya: "Mama aje aseme neno moja tu." Nilikimbia kumwita. Osob alikuwa anasuka mkeka, hata hakuinua macho.

"Mwambie sipo."

Kiburi cha mwanamke yule! Nilimwambia atakuja kujuta, akaniambia nikachunge redio yangu.

Mvua zikaanza. Tana ikafurika, barabara ikawa ziwa, hakuna lori lililopita tena. Homa ikaingia, nayo ikamshika Osob. Siku aliyoshindwa kunyanyuka alinivuta mkono.

"Niitie mwanangu. Nimemsamehe kitambo, Maka. Ni mdomo tu uliokuwa mgumu."

Furaha na uchungu vikanijia kwa pamoja. Betri ilikuwa imekauka kabisa! Nikamweleza, nikamtukana Kadar na mkono wake na vifaa vyake, nikasema aliniagiza maji safi, na maji safi tutayatoa wapi?

"Safi kiasi gani?" akauliza.

"Safi kabisa, habaryar."

Akaagiza sanduku lake liletwe. Ndani mlikuwa na dumu dogo la Zamzam aliloletewa na marehemu mumewe kutoka Makka, maji aliyojiwekea atiwe mdomoni saa ya kukata roho. Sisi tulikuwa tumezungukwa na tope na mizoga ya mbuzi. Nani angewaza kwamba duniani yapo maji safi kuliko yale? Tukambeba hadi chumbani kwangu. Akasoma Bismillah, akayamimina kwa mkono wake kwenye matundu ya betri, moja baada ya jingine, mpaka dumu likaisha.

Jua likachomoza kidogo mawinguni. Tukangoja. Taa nyekundu ya redio ikawaka. Wallahi, iliwaka! Nikabonyeza kitufe niite Banissa, na pale pale ikazimika.

Osob hakuiona. Macho yake yalikuwa na ukungu, masikio yake mazito. Alikuwa ameshaninyang'anya maiki.

"Abdiqani, ni mimi mama yako. Ngamia ni mnyama, wewe ni mwanangu. Nililosema nimelirudisha. Zaa, lea, wanao wakuzike. Maziwa yangu ni halali kwako."

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anaongea na chuma.

"Amejibu nini?" akauliza.

Jirani yangu, mzee Billow, alikuwa anajifuta macho kwa kikoi. "Analia, Osob," akasema. "Analia."

Akacheka, habaryar wangu, cheko dogo la mtu aliyetua mzigo. Akafa wiki ile ile, kinywa kikavu, nasi hatukuwa na tone la kumtilia.

Barabara ilipokauka, Kadar huyoo, kisanduku kwapani, anatabasamu. Akafungua betri, akaniuliza tumetia nini. Nikamwambia.

"Zamzam ina madini, dada, imemaliza betri. Mngekinga tu ya mvua."

Ya mvua! Mvua iliyotuvunjia nyumba! Nikaketi chini nikalia mpaka yeye mwenyewe akaingiwa na hofu, akaenda kungoja nje.

Tukapata betri nyingine. Abdiqani akatokea hewani kabla sijamaliza kusalimu.

"Maka! Ruweyda amejifungua. Wa kiume, mzima! Mwite mama aseme, nimpe mtoto jina. Ova."

Nikamwambia mama yake ametangulia. Nikamwambia alimsamehe, nikamrudishia maneno yake neno kwa neno. Mzee Billow akashika maiki akaapa kwamba ndivyo yalivyosemwa.

Redio ikakoroma, Abdiqani akajibu.

"Mimi sikusikia, Maka."

"Mungu amesikia, Abdiqani."

"Mimi sikusikia."

Mpaka leo kila Ijumaa huniita, nimrudilie maneno yale. Namrudilia, naye hushukuru kwa adabu. Sheikh wa huko amemwambia mtoto hana kosa, ampe jina. Hathubutu, anaogopa kumzoea. Mtoto sasa anatambaa, na nyumbani kwao wanamwita mtoto tu.