Macho ya Mkurugenzi

Siku ya kumstaafisha Bibi Kalamu, hospitali nzima ilimpenda ghafla. Kwa miaka thelathini na mmoja daktari huyu wa ubongo alikuwa akisogeza kalamu mbele ya wagonjwa, akiutambua ugonjwa kwa namna macho yanavyoifuata. Wenzake walimcheka kwamba anachezea watu. Leo hao hao walijaza viti vya mbele, wamefunga tai, wakisubiri soda.

Mkurugenzi alijikwaa kwenye ngazi ya jukwaa, akacheka peke yake.

"Mama yetu huyu ni hazina," alisoma, karatasi ameiinua usawa wa paji la uso. "Kazi yake haitakufa."

Itakufaje, wakati kesho chumba chake kinageuzwa stoo, na nesi pekee aliyefundishwa naye kazi hiyo amepewa barua ya kuhamia dobi, akakunje mashuka?

"Mama, usigombane naye," nesi alimnong'oneza. "Nitazoea tu."

"Nani kasema ugomvi? Mtazame macho."

Nesi alimkazia mkurugenzi macho kwa muda. "Hayashuki. Ndiyo maana anainua karatasi."

"Na ngazi?"

"Hakuiona."

Bibi Kalamu alikuwa ameomba miaka mingi amshinde mtu huyu hata mara moja. Sasa ushindi ulikuja kwa sura hiyo, akauona mchungu. Sherehe ilipokwisha akamvuta kando.

"Unaanguka mara ngapi kwa wiki?"

"Ni viatu hivi, Bibi. Soli zinateleza."

"Vyote?"

Mkewe, aliyebeba maua ya sherehe, ndiye aliyejibu. "Mara tatu, daktari. Na mchuzi unamwagikia shati, halafu anasema mimi napakua vibaya."

Mkurugenzi akamgeukia Bibi Kalamu. "Basi nipime."

"Mimi umenistaafisha saa nne, tena kwa makofi. Mpimaji ni huyu."

Nesi akamkalisha, akamshika kidevu. "Kichwa kitulie, mkubwa. Macho tu."

Kalamu ikashuka. Macho yakaisindikiza kidogo, yakaishia njiani.

"Ni viatu?" mkurugenzi aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Ni ubongo, mkubwa. Utahitaji kuangaliwa kila mwezi."

"Na wewe ndiye utaniangalia?"

"Mimi kesho niko dobi."

Mkurugenzi akamtazama daktari. Bibi Kalamu hakumsaidia.

"Ile barua irudishwe," mkurugenzi alisema mwishowe. "Na chumba kisiguswe. Kuna mtu alikosea."

"Ulikosea wewe, baba watoto," mkewe alimkumbusha, akamshika mkono asimame.