Nguzo ya Lango la Dindira

Taa ya kushoto ilikuwa imevunjika, na madigadi imekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Hayo tu. Lakini gari lilikuwa la kijiji, Landrova iliyonunuliwa kwa mahindi ya shamba la pamoja, na Rosina alikuwa ameyapalilia mahindi hayo mpaka viganja vikaota malengelenge, kabla hajapewa kiti cha ukarani.

"Dogo hilo," Fransisko, dereva, aliiambia kamati Jumatatu. "Jumamosi nilikuwa natoka Korogwe kuchukua mbegu, nikapitia Magoma. Nilikuwa namkwepa mbuzi, nikagonga jiwe. Fundi Bernardo atainyoosha kwa nyundo. Bima ya nini?"

Mzee Mhina, mwenyekiti, akacheka. "Huyo mbuzi hakukuachia hata unyoya, mwanangu?"

Rosina ndiye aliyesimama kumtetea. Kama bima isingedaiwa, kamati ingemtaka dereva amlipe fundi kwa fedha zake, na dereva huyo alikuwa mchumba wake. Mzee Semboja, mshenga, alikwisha kufika kwa mama yake amevaa lile koti jeusi asilolivaa ila kwa kuposa, akanywa vikombe vitatu vya chai na kusifu kila kitu mpaka kuku. Ndoa imetangazwa kanisani Jumapili mbili. Limebaki tangazo la tatu.

"Tudai," alisema. "Mkosaji ni mbuzi, si dereva."

Mzee Mhina akamsukumia fomu. "Basi amua wewe, karani. Ukiona madai yamesimama, tia saini uyapeleke. Ukiona yanachechemea, yaache, Bernardo achukue nyundo."

Alhamisi basi la Korogwe likaleta barua.

"Kwa Karani wa Kijiji," aliandika mtu aitwaye Ernesti, mkulima wa chai wa Dindira. "Jumamosi gari lenu liligonga nguzo ya lango langu, dereva wenu Fransisko alipomleta Mzee Semboja kumposa binti yangu Agripina. Nguzo nimekwisha kuisimamisha, wala sidai kitu, kwa kuwa kijana atakuwa mkwe wangu. Ila nasikia gari la watu wengi lina bima. Mkihitaji shahidi, mimi nipo."

Rosina aliisoma mara mbili. Hakulia. Kilichomkaa akilini ni koti. Koti lile lile, limepanda mlima ndani ya gari la kijiji, likaketi kwenye kiti kingine, likasifu kuku wengine.

Alasiri Fransisko akaingia ofisini akipiga mluzi, akakaa ukingoni mwa meza. "Karani wangu, bado unapigana na karatasi?"

"Nimekwama. Nisaidie. Mahali pa ajali?"

"Magoma."

"Shughuli ya safari?"

"Mbegu za pamba. Si unajua?"

"Na waliokuwemo garini?"

Fransisko alitazama dirishani kidogo. "Mimi na magunia."

Rosina aliuweka mkono juu ya daftari, akangoja. Alitamani mno ajirekebishe. Mluzi ukaanza tena. Ndipo akaichomoa barua chini ya daftari, akaisoma polepole, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya kijiji. Alipofika kwenye neno mkwe, Fransisko akashuka mezani.

"Rosina, nisikilize. Ni wazee nyumbani. Wanataka mtu wa mlimani, wanajuana na ukoo wa Agripina. Nami nilishindwa kuwakatalia."

"Na kanisani, uliandikisha jina langu kwa kushindwa pia?"

"Kesho namrudisha Semboja Dindira akaombe radhi. Choma hiyo barua. Tuache madai, Bernardo anyooshe, nani atajua?"

"Atarudi kwa gari gani?"

Fransisko akasema kwa sauti ya chini, "Nitanyang'anywa usukani. Na wewe utachekwa kijiji kizima."

Hilo lilikuwa kweli. Aliwasikia tayari wanawake kisimani wakiishiwa pumzi kwa kicheko: karani kajaza fomu ya safari ya posa ya mwenziwe! Angeweza kukaa kimya, na Jumapili jina lake likasomwa mara ya tatu, zuri, bila doa.

Akaivuta fomu ya bima, akaipiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akaandika chini yake: "Hatudai. Gari halikuwa katika kazi ya kijiji." Akatia saini.

"Ahsante," Fransisko alipumua.

"Bado."

Rosina alichukua karatasi mbili safi, akaweka kaboni katikati, akaanza kuinakili barua ya Ernesti.

"Mbona mbili?"

"Ya juu ni ya Mzee Mhina," alisema, akikandamiza kalamu ili maandishi yafike chini. "Ya chini ni ya padri, kabla ya Jumapili."