Brauza Aliyoichagua Peris

Jumapili, baada ya ibada kule Lewisham, ughaibuni, simu ya Peris ilimuuliza swali ambalo hata hayati mumewe hakuwahi kumuuliza: wewe mwenyewe unapenda ipi? Kioo kilijaa brauza, programu za kufungulia mtandao, kila moja ikijisifu kama mchumba.

"Ni sheria mpya, dada," rafiki yake Njeri akamweleza, chapati mkononi. "Wenye kampuni za simu wamekatazwa kutuchagulia."

"Na hii ya zamani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Ni uhuru tu. Bonyeza, chai inapoa!"

Peris akabonyeza ya tatu, kwa kuwa ilikuwa ya kijani kama sare ya kwaya. Wako waliochagua waume kwa sababu hafifu kuliko hiyo.

Jumatatu akarudi kazini, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kila afikapo mlangoni hufungua kiungo cha ofisi, na simu hutoa taarifa kwamba yuko pale. Kiungo kilifunguka vizuri. Kumbe brauza ya kijani, kwa kumtunzia siri zake, ilikataa kusema Peris yuko wapi. Kufika Alhamisi, machoni pa ofisi hakuwa amekanyaga kwa mzee yeyote tangu wiki ianze.

Meneja wake, Ian, alipiga simu wakati Peris anamwosha miguu Bi Daisy, bibi wa miaka tisini na moja.

"Ziara zako zote hazionekani. Nikiripoti hivi, udhamini wako wa kazi unafutwa."

Udhamini ukifutwa, viza nayo imekwenda. Viza ikienda, ni yeye na masanduku yake uwanja wa ndege.

"Nilikuja, Ian! Simu ndiyo imebadilika. Hivi sasa nimeshika mguu wa Bi Daisy!"

"Nani aliibadilisha?"

"Mimi... niliulizwa, nikachagua."

Ian akashusha pumzi. "Basi nizungumze na yeye. Akisema ulikuwa ukija, nitarekebisha."

Peris akawasha spika ya simu, moyo ukamtulia. Bi Daisy ni mzee wa miguu, si wa akili.

"Bi Daisy, Peris amekuja wiki hii?" Ian akauliza.

"Peris?" Bibi akakunja uso. "Simjui. Kwangu huja Shirley. Mtu mwema, hakosi hata siku moja."

Shirley aliacha kazi miaka miwili iliyopita. Peris alipoitwa jina hilo siku ya kwanza, aliitika. Kwao Kericho, aliyelelewa vyema hamkosoi bibi wa watu kwa jambo dogo kama jina. Akaitika kesho yake, na mtondo, hadi leo.

"Bibi," akasema, amepiga magoti kando ya beseni, "huyo Shirley ni mimi. Jina langu ni Peris."

Bi Daisy akamkazia macho kama aliyemkuta mgeni jikoni mwake.

"Miaka yote hii umekuwa ukinidanganya?"

Akauchomoa mguu wake mikononi mwa Peris, maji yakachuruzika zuliani. Kwenye simu, Ian alikuwa bado anasikiliza.